Nilivyomlazimisha mama anisomee code kwa ajili ya mzigo wa Maskati

Wakuu, assalaam alaykum.

Hili sijamsimulia mtu yeyote ninayemjua. Nalileta huku kwa sababu sura yangu hamuijui, na sitapunguza kitu.

Mimi nina degree. Kwetu Kisiwa Panza, huku Pemba, mimi ndiye mbishi mkuu. Mtu akileta habari barazani namuuliza: umeipata wapi, nani kasema, ushahidi uko wapi? Mama nimemkataza mara kumi kufungua link za "umeshinda".

Sasa, mama mdogo yuko Maskati. Aliahidi kumtumia mama miwani, maana macho yamepungua nguvu na yeye ndiye katibu wa kikundi cha kinamama wanaolima mwani baharini. Daftari la kikundi analiandika yeye.

Akatuma ujumbe wa sauti: "Mzigo umeshatoka."

Siku mbili baadaye nikapata email. Nembo ya kampuni ya vifurushi, rangi safi. "Kifurushi chako kimekwama. Anwani haijakamilika. Thibitisha leo au kitarudishwa."

Hapo ndipo iliponinasa. Wakuu, mama ndiye Bi Riziki, na anwani ya kwetu ni "nyumba ya Bi Riziki, nyuma ya msikiti". Haina mtaa, haina nambari. Nikaona wamesema kweli tupu! Kumbe sentensi hiyo ingemwingia kila mtu kisiwani.

Nikabonyeza. Ukurasa ukataka jina na simu ya mpokeaji. Nikajaza za mama. Ukasema code imetumwa kwake.

"Mama, nisomee hizo nambari zilizoingia."

Akaiweka simu mbali na uso, akakodoa. "Hapa pameandikwa usimpe mtu. Si wewe ulotwambia hivyo?"

"Hayo ni ya watu wasojua, mama. Nisomee."

"Haya mwanangu, wewe ndo msomi."

Akanisomea, tarakimu moja moja.

Kumbe code ile ndiyo ufunguo wa akaunti yake ya kuchati; kabla ya alasiri ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kinamama wakaanza kupata ujumbe kutoka kwa "katibu": yuko hospitali, wamtumie chochote, wasimpigie. Bi Time, jirani yetu, akatuma fedha yote ya mwani aliouza.

Jioni wakaja uani kwetu.

"Mgonjwa mwenyewe huyu, anapara samaki!" mmoja akacheka.

Bi Time hakucheka. "Bi Riziki, daftari tumekupa, na bado unatufanyia hivi?"

Nilikuwa mlangoni. Mama akanitazama mara moja tu, kisha akawaambia: "Nimekosea mimi. Macho yangu haya, nimebonyeza nisipopajua."

Nami, mwenye maswali yote, nikamwacha abebe kosa langu.

Siku ya nne miwani ikafika, imo kwenye begi la mtu aliyetoka Maskati, kama mizigo yote ya huko inavyotufikia tangu nizaliwe. Kumbe sikuwa nimemuuliza mama mdogo swali jepesi kabisa: umempa nani?

Nikaisoma tena ile email. Anwani ya mtumaji ni herufi za ovyo. Jina langu halimo, nambari ya mzigo haimo, ila haraka ndiyo imejaa. Yote yalikuwepo tangu mwanzo.

Ikija kwenu msibonyeze. Mpigieni simu aliyewatumia mzigo. Na code ikisema usimpe mtu, mwanao msomi naye ni mtu.

Jumamosi kikundi kinakutana kuamua kama mama abaki kuwa katibu. Yeye hajanambia niseme chochote, na hicho ndicho kinachoniumiza zaidi. Nitakwenda. Nitasema mbele yao kuwa ni mimi, na Bi Time nitamlipa mwenyewe.

Naogopa kuliko nilivyoogopa kutetea utafiti wangu chuo.

Aliyewahi kuomba radhi mbele ya kinamama waliomlea, aniambie sentensi ya kwanza huwa ipi. Nasoma maoni yote, hata ya kunisema.