Binamu wa Amparo Olvera

Amparo Olvera alikuwa mtu wa kushuku. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu, alijiuliza ametumwa na nani. Asiposalimiwa, alijiuliza wamemsema nini. Hakuzaliwa hivyo. Ni miaka kumi na moja ya kuishi ua mmoja na majirani, mtaani Portales katika Jiji la Meksiko, akifuga siri ndani ya vyumba viwili, ndiyo iliyomfunza.

Siri yenyewe ni hii. Amparo alipendana na Nieves, mshonaji wa nguo za harusi. Wote wawili walipendana na Fidencio, fundi wa piano. Walikula meza moja na kulala kitanda kimoja, watatu, na hakuna aliyemwonea mwenzake wivu zaidi ya wivu wa kawaida wa nani kamaliza kahawa. Kwa majirani, kwa padri na kwa mwenye nyumba, Fidencio alikuwa mume na Nieves alikuwa binamu. Neno hilo alilichagua Amparo. Nieves alilimeza tu, na kila mwaka lilizidi kumkaba. Mwaka mpya ulipoingia akasema wazi: "Ukiniita binamu tena mbele za watu, mimi naenda zangu Puebla kwa kaka yangu. Sitanii."

Kazi ya Amparo ilikuwa kuwasemea waigizaji wa kigeni. Alisimama studio mbele ya maikrofoni, akiitazama midomo ya mwanamke kwenye skrini, na kuyafanya maneno ya Kihispania yaangukie pale pale midomo inapofunguka. Kwa mazoea hayo alikuwa akisoma hata mazungumzo ya watu walio nyuma ya kioo. Kipaji hicho hakikumpa raha. Mwenye shaka akijua kusoma midomo, hakosi cha kusoma.

Basi ikaja filamu ya wanawake wawili na mwanamume mmoja wenye duka la mikate. Mwishoni, mwanamke ambaye Amparo alipewa kumsemea huwatazama wenzake na kusema: "Nawapenda nyote wawili, na sitachagua." Amparo alimpelekea Nieves habari hiyo kama zawadi.

"Nitalisema nchi nzima isikie," alisema.

Nieves aliacha kushona. "Na mimi nitakaa nikusikie. Hata kama ni kwa mdomo wa mwingine, nitaridhika."

Wiki moja baadaye maandishi ya Kihispania ya filamu hiyo yalirudi yamebadilika. Maofisa wa serikali wanaopanga filamu kwa umri wa watazamaji walikuwa wamesema filamu hiyo, jinsi ilivyo, ni ya wakubwa tu, tena usiku wa manane. Kituo cha televisheni kilichoinunua kiliitaka Jumamosi alasiri, kwa hiyo kikakata busu na kumgeuza mmoja wa wanawake kuwa binamu. Lile neno la mwisho sasa lilikuwa: "Tutaliendesha duka pamoja, binamu." Wiki hiyo hiyo filamu ya watu kukatana mapanga iliruhusiwa kuonyeshwa alasiri, wala hakuna aliyekohoa. Kumbe damu haimharibu mtoto. Upendo ukizidi wawili ndio sumu.

Amparo hakufikiria hayo. Alifikiria neno. Ya nini binamu, katika maneno yote? Nyuma ya kioo, Leobardo, aliyeandika maandishi hayo, alikuwa akiongea na fundi sauti. Amparo akausoma mdomo wake: binamu. Kisha wakacheka. Leobardo huyo aliwahi kuja kwao siku moja, akala kuku wa mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, aliyepikwa na Nieves, akaomba aongezewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimvizia kwenye mashine ya kahawa. "Leobardo, neno binamu umelitoa wapi?"

"Si ndilo tunalotia siku zote, Bi Amparo? Dada, binamu, rafiki wa shule. Nikiandika vingine wananirudishia."

"Mbona hukuandika dada?"

"Kwani dada ana nafuu gani?" Leobardo alimkodolea macho. "Kuna nini lakini?"

"Hakuna."

Kutojua kwa kijana huyo ndiko kulikomthibitishia kwamba anajua. Akarudi kwenye maikrofoni, akalisema lile neno mara moja tu, safi, na fundi akamsifu. Nyumbani hakumwambia Nieves kitu. Aliogopa.

Jumamosi ilipofika alijaribu kuzuia. "Televisheni yetu inakoroma. Tuache tu."

"Tutatazama kwa Doña Crisanta," alisema Nieves. Tayari alikuwa amevaa gauni lake la bluu na kupaka rangi ya mdomo.

Doña Crisanta aliuza tamales, vimkate vya mahindi vya kupikwa kwa mvuke, pale langoni, na chumba chake kilikabiliana na vyao ng'ambo ya ua. Aliwapa kahawa yenye mdalasini, wakatazama. Neno lilipofika, Nieves hakugeuka. Alishika kikombe tu. Fidencio alitazama viatu vyake.

"Ati binamu," alisema Doña Crisanta filamu ilipoisha. "Jamani, hawa watu wanatuona sisi hatuna macho? Yule anampangusa mwenziwe unga shingoni vile, halafu binamu. Wamebadilisha sauti, picha wameiacha."

Amparo alimgeukia. "Unataka kusema nini, Doña?"

"Nasema nilichosema, mwanangu. Dirisha la jikoni kwangu linatazama la kwenu. Miaka yote hii nawaona bila sauti. Mnacheza dansi mkiosha vyombo. Kwani nimewahi kumwambia nani? Kula mkate."

Alisema kwa upole, kama mtu anayekupokea mzigo. Nieves aligeuka, akamtazama Amparo, na uso wake wote ulikuwa unangoja. Lakini Amparo alikuwa akiutazama mdomo wa Doña Crisanta, akitafuta mtego uko wapi.

"Macho yamekudanganya, Doña," alisema. "Nieves ni binamu yangu."

Sauti ilitoka nzuri, ile ya studio.

Nieves aliweka kikombe chini, akamshukuru mwenyeji, akatoka. Fidencio alimfuata. Amparo alibaki kitini, maana kuwakimbilia kungekuwa kukiri. Doña Crisanta alikusanya vikombe.

Ng'ambo ya ua taa ya jikoni iliwaka. Kupitia dirishani Amparo alimwona Nieves akija na sanduku, akilifunga mikanda juu ya meza. Kisha Nieves akasimama uso ukielekea kioo, akamwambia Fidencio jambo, taratibu, akifungua mdomo vizuri kama anayejua kuna mtu anausoma.

"Mwambie binamu yangu nimekwenda Puebla."