Kikohozi cha Mzee Wangu

Majina ya wote waliokuwamo katika mambo haya ninayakumbuka, hata ya mbuzi. Sitayataja, kwa sababu wengi wako hai na wana midomo.

Shamba letu liko juu kidogo ya Msambweni, na mwaka juzi mahindi yalikuwa yamebeba vizuri hasa, kila mti mawili mawili. Hayo ndiyo yangekuwa ugali wetu mpaka vuli. Hatukuwa na mengine. Na tumbili walikuwa wamekwisha kuyaona.

Asiyelima hajui, lakini tumbili humwogopa mwanamume. Mwanamke akija na leso zake, hata apige debe, wao humtazama tu na kuendelea kumenya. Mmoja nilimrushia gunzi. Akalidaka, akalichungulia kama limebaki punje, akalitupa.

Mume wangu naye ni mtu wa bao. Akishakunywa chai ya asubuhi, huyo barazani. Nikimwambia, "Baba watoto, njoo ulinde mahindi," hujibu, "Naja, namaliza mchezo huu." Mchezo huo haujaisha tangu tuoane.

Basi siku moja nikachukua kanzu yake kuukuu na kofia, nikavaa, nikaingia shambani kwa mwendo wake ule wa mikono nyuma. Tumbili mkubwa akasita, lakini nikaona bado ana shaka. Nikamtolea kile kikohozi cha mume wangu cha alfajiri, kinachoanzia tumboni, kikapiga kifua, kikatokea puani. Loo! Walikimbia, watoto wakining'inia matumboni.

Nikawa nafanya hivyo kila siku. Taabu ilikuwa njia ipitayo kando ya shamba. "Assalaam aleikum, mzee! Pole na kazi!" Sauti yangu nyembamba, ningejibu vipi? Nikawa nainua jembe tu na kukohoa.

Haikupita wiki, shemeji yangu akaja nyumbani kumpa kaka yake mkono. "Kaka, wallahi umenifurahisha. Na uzee huu, unalima peke yako! Bibi yako yuko wapi, amelala?"

Nilikuwa pale pale juu ya mbuzi, nakuna nazi, matope mpaka magotini. Nikamtazama mume wangu, nikangoja aseme kweli.

Akajipangusa magoti yasiyo na vumbi. "Twajitahidi, ndugu yangu. Alhamdulillahi."

Twajitahidi! Nilikuna ile nazi mpaka kifuu.

Barazani wakaanza kumpisha kiti kizuri. Wengine wakawa wanamwuliza habari za mbolea, naye anajibu! Kisha binti yetu wa Likoni akajifungua, ikabidi niende kumkanda kwa wiki moja. "Nenda, mama watoto," akaniambia mbele ya watu. "Shamba si ninalo mimi?"

Niliporudi, mistari minne ilikuwa mabua matupu. Mzee amekaa kwenye kigoda katikati ya shamba na kanzu mpya, kichwa wazi. Kofia iko juu ya mkorosho, na tumbili anaijaribu.

"Hukukohoa?" nikauliza.

"Nilikohoa. Wakanitazama tu." Akakwaruza mchanga kwa kidole cha mguu. "Labda wamekuzoea wewe."

Alitazama njiani kama kuna mtu, kisha akasema polepole, "Mama watoto, hebu nifundishe."

Nikamsimamisha jikoni. "Toa tumboni! Hicho ni cha kuitisha chai." Akatoa tena. "Hicho cha mgonjwa. Mwanamume ukohoe kama mwenye mahindi!" Tukakohozana mpaka shoga yangu wa jirani akatupitishia tangawizi juu ya ua, akiuliza kama mzee apelekwe hospitali.

Jioni ile tuliingia shambani wawili, kila mtu na kanzu yake, mmoja huku, mmoja kule, tunakohoa kwa zamu. Mistari iliyobaki tuliivuna yote. Ugali tuliula mpaka vuli, ila kwa kupima, kwa sababu ya ile minne.

Siku hizi akiwa barazani huwaambia wenzake kwamba kukohoa vile alinifundisha yeye. Nikipita nikamsikia, sibishani naye mbele ya watu, ni mume wangu. Nakohoa mara moja tu, naye huacha kete zake na kunifuata shambani.