Mtani Aliyeshushwa Igalula

Msinicheke. Mimi Nunu binti Humaidi wa Mtendeni nimeuza kahawa na kashata nje ya lango la stesheni ya Tabora tangu Uhuru, na uzushi siujui. Nawasimulia habari za Masolwa, mkaguzi wa tiketi.

Masolwa alikuwa Mnyamwezi wa kelele na vicheko, lakini kwenye tiketi, loo, hakuwa na ndugu. Enzi zile za Ujamaa, ukipanda treni bure alikuita kupe mbele ya behewa zima, kisha anakushusha stesheni inayofuata. Kila mkaguzi alikuwa na koleo lake la kutobolea tiketi, na kila koleo na tundu lake. La Masolwa lilitoboa nyota. Ukiiona nyota, unajua amepita yeye.

Siku moja, katika treni itokayo Dar, alimkuta mzee wa Kizaramo hana tiketi. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, tangu babu zetu walipobeba mizigo njia hii hii kwenda pwani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, na ukifa ndiye anayekuzika. Mzee akasema, "Mtani, tiketi imechukuliwa na upepo hapo dirishani. Niache nifike, binti yangu amelazwa hospitali ya Kitete, Tabora, hali yake mbaya."

Masolwa akadhani ni utani. Nani angedhani vingine? Akamjibu, "Kupe mkubwa wee! Na huo upepo, umelipa nauli?" Behewa likaangua kicheko. Akamshusha Igalula, stesheni ndogo kabla ya kufika Tabora. Mzee akiwa chini akamwambia, "Haya, mtani. Utakuja kunizika." Masolwa akazidi kucheka.

Basi, mambo yakaanza. Kila treni ikipita Igalula, anakuta tiketi za abiria zimeshatobolewa nyota, naye hajazigusa. Mama wa watu anaapa kwamba kaikata leo. Tiketi yenye tundu ni tiketi iliyokwisha tumika, kwa hiyo wakubwa wakaamua Masolwa anauza tiketi za zamani. Wakamsimamisha kazi na koleo wakalifungia kabatini. Alikuja kwangu kunywa kahawa. "Nunu, wataniita mwizi wa mali ya umma. Nitamtazama nani usoni?" Nilimwonea huruma, jamani.

"Na yule mtani wako," nikamuuliza, "alifika kwa bintiye?"

Akaweka kikombe chini, akaondoka. Asubuhi alipanda treni kwenda Igalula. Huko wakamwonyesha kaburi kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Mzee alikuwa ameamua kuja Tabora kwa miguu, akaanguka, akazikwa na watu wasiomjua, kimya kimya, bila mtani. Kumbe yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Masolwa akalitukana kaburi kama inavyompasa mtani: "Mzaramo mvivu, kasafari haka kamekushinda?" Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akamkatia mzee tiketi ya Tabora, akaifukia kaburini, akarudi.

Treni ilipoingia nilikuwa langoni. Abiria wakatoka, na katikati yao mzee mmoja wa kanzu iliyofifia, ana vumbi jekundu mpaka magotini. Akampa Damas, mpokea tiketi, tiketi yake, akaja upande wangu.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Kitete ni njia ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, akaenda zake.

Masolwa akatoka wa mwisho. Damas alikuwa anageuzageuza tiketi ya yule mzee. "Masolwa, koleo lako si limefungiwa ofisini?" Ilikuwa tiketi ya kutoka Igalula, imeganda udongo, na katikati ina nyota.

Wakubwa baadaye walifungua kabati, wakalikuta koleo mahali pake, wakamrudisha Masolwa kazini bila kumwuliza neno. Lakini hilo lilikuwa kesho yake. Jioni ile mimi naye tulikimbia mpaka Kitete. Njiani hatukumpita mtu.

Nesi alitupokea mlangoni, tukamwulizia binti wa yule Mzaramo. "Mmechelewa," akasema. "Amefariki sasa hivi. Siku zote alikuwa anamwulizia baba yake, na leo akatabasamu, akasema, baba amenifuata."

Masolwa alikaa chini palepale, akajishika kichwa. Mimi nilikitazama kidole changu. Njia nilimwonyesha mimi.