Chini ya Picha Yake Iliandikwa Leo

Mdogo wangu alichukuliwa kwenye barabara ya Salamabila, na siti ya shirika letu ikaendelea kusema kwamba yupo. Naanza na hilo kwa sababu nikianza pengine nitazunguka sana. Shule yangu iliishia darasa la tatu, nasoma kwa kidole. Lakini neno "leo" nalijua.

Shirika lenyewe ni la wamama tuliokimbia vita vya Kabambare tukaja kukaa Kasongo. Tunapika sabuni ya mawese, tunashona, tunasimamiana wakati wa msiba. Siti ni ukurasa wetu wa enternete, ule ambao watu wa mbali wanaufungua kwenye telefone ili watujue. Mle ndani kuna picha za sabuni, picha za mashine za kushona, na mahali pameandikwa "Watu wetu". Hapo ndipo alipokuwa mdogo wangu, anacheka, jino moja la mbele limempanda mwenzake. Pembeni jina lake, na maneno: anaongoza wamama wa upande wa Salamabila. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: ukurasa huu umefanywa upya leo. Halafu tarehe.

Nitasema nani alifanya nini. Aliyemtuma ni kordinateri, mkubwa wa shirika, mwanaume wa viatu safi ambaye peke yake alikuwa na ufunguo wa siti. Alikuwa analalamika kwamba picha zimezeeka.

"Watu wanafungua, wanaona sabuni ile ile," alisema mbele yetu sote. "Siti bila picha mpya ni duka lililofungwa. Mama, weye enda Salamabila, piga kila kitu utakachokiona."

Siku zile wenye pikipiki walikuwa wanakataa abiria wa upande ule, na yeye alijua, maana safari yake mwenyewe ya kule alikuwa ameiahirisha. Mdogo wangu alifunga telefone yake kwenye kitambaa, akaniambia mimi dada yake, "Yaya, nikirudi unisuke. Nywele hizi zinanitia haya."

Mwenye pikipiki mmoja aliyekubali kumbeba alirudi peke yake. Alisema kuna watu walifunga kamba barabarani kabla ya kuingia Salamabila. Walimshusha mwanamke, wakamwambia yeye ageuze na asitazame nyuma. Hakutazama.

Kumbe mtandao ulikuwepo pale. Picha ya mwisho aliyoipiga mdogo wangu ilifika kwa kordinateri, ikafika na kwangu. Barabara nyekundu, kamba, wanaume watatu. Wa katikati amevaa kofia ya sufu kwenye joto lile, kamba iko mkononi mwake, anatazama moja kwa moja ndani ya telefone. Huyo ndiye aliyemchukua. Jina lake silijui, sura yake ninayo.

Kordinateri aliiweka picha ile mwanzo kabisa wa siti. Aliikata kwanza. Wanaume wakatoka, zikabaki barabara na miti, na juu yake akaandika maneno ya matumaini. Lakini hakuikata vizuri. Pembeni ulibaki mkono mmoja umeshika kamba, hauna mwenyewe.

Mama yetu alikuwa mzee, macho yake yameingia ukungu. Nilipomweleza habari akaomba nimfungulie siti.

"Soma ya chini," akasema.

"Ukurasa huu umefanywa upya leo."

Kesho yake akaomba tena. Nikasoma. Ilikuwa leo tena, na tarehe mpya. Kesho kutwa vilevile. Mama akanirudishia telefone.

"Mufu hafanywi upya," akasema. "Mutoto yangu iko pahali."

Kwetu Kabambare, mtu akipotea bila mwili, anazikiwa mgomba. Unakatwa kwa urefu wake, unafunikwa sanda, unashushwa shimoni, na watu wanalia kama kawaida. Mashehe wengine wa mjini hawapendi, wanageuza uso, lakini visomo wanakuja kusoma. Bila ule mgomba, msiba haufunguki na haufungwi. Wenye nyumba wanakaa tu, na aliyepotea naye anakaa tu, hajui aende wapi. Ila kuna sharti moja. Ukimzikia mgomba mtu ambaye bado anapumua, umemwita kaburini. Popote alipo atausikia udongo.

Kwa hiyo mama alikataa. Na mama mwenyewe alikuwa anakwisha, mguu umevimba, chakula anarudisha. Nilitaka amlilie mtoto wake kabla hajafuata. Sikutaka kingine.

Nikaenda ofisini kwa kordinateri.

"Ile leo nani anaiandika?" nikamuuliza.

"Hakuna mutu, mama. Ni mashine. Inaandika yenyewe kila siku, hata mimi nikilala."

"Basi toa picha yake, mashine ibaki inajiandikia yenyewe."

Akavua miwani, akaifuta. "Nikiitoa, wale wa mbali watauliza huyu mama iko wapi."

"Waambie."

"Watauliza nani alimutuma."

Alilisema polepole, akiangalia kioo cha mashine yake, si mimi. Nikamwambia, "Nami nauliza hilo hilo." Akavaa miwani yake.

Sokoni nilikuwa nauza mawese na sabuni. Wenzangu walianza kunichokoza. "Mama wa siti, mudogo yako anafanywa upya kila siku, mbona weye unazidi kuchakaa?"

"Mimi sina mashine," nikawaambia. Wakacheka, nami nikacheka, lakini mmoja wao, anayetoka upande wa Nyangwe, hakucheka. Alisema asubuhi ile alikuwa nyuma ya mwanamke mmoja kwenye njia ya kisima, akakisikia kikohozi cha mdogo wangu. Alipomfikia, njia ilikuwa tupu.

Baadaye kordinateri akaniita mwenyewe. Akasema amekubali, atabadilisha ule ukurasa, ataweka maneno ya kumkumbuka, na picha ya ndugu yake, yaani mimi. Akanisimamisha ukutani, akanipiga picha. Nilikuwa nimevaa kitenge cha njano chenye ndege weusi, kitambaa kimefunika kichwa na masikio. Nilimshukuru. Niliondoka pale nikimshukuru.

Nilipofungua siti, jina lilikuwa lake. Maneno yalikuwa yale yale, anaongoza wamama. Sura ilikuwa yangu.

Watu wametuchanganya tangu utoto, na urefu ni mmoja. Lakini si hilo lililonitisha. Mimi niliyesimama kwenye ukuta ule, niliitazama ile picha nikamwona yeye. Jina lilikuwa limeivuta sura. Chini iliandikwa leo.

Nilikimbia ofisini. "Wale wa mbali wametaka picha mpya," kordinateri akasema. "Munafanana, mama. Hakuna atakayejua."

Mama alijua zaidi ya wote, kwa jinsi yake. Jirani alikuwa amempa telefone kabla sijafika nyumbani. Aliishika karibu na jicho, karibu kuigusa.

"Amezeeka," akasema. Alikuwa anatabasamu. "Ona mashavu yameingia ndani. Mufu hazeeki."

Siku zilizofuata alianza kula. Aliomba kiti cha pili kiwekwe kivulini, pembeni ya mkeka wake. Wapita njia walisalimia, na mama alijibu kwa ajili ya watu wawili. Mimi nilikuwa napita na ndoo, na mara mbili aliniita kwa jina la mdogo wangu. Mara ya pili niliitika. Sijui kwa nini niliitika. Jioni yake nilijitazama kwenye maji ya ndoo nikasema jina langu kwa sauti, nilisikie.

Hapo nikaona nikiendelea hivi, tutakuwa tumepotea wawili.

Nikavaa kile kitenge cha njano, nikaenda kukaa kwenye kiti cha pili. Mama akaiona njano.

"Umefika," akasema.

"Mama, shika nguo hii. Ndiyo ile ya kwenye picha."

Akashika, akasugua kwa vidole. Nikavua kitambaa, nikauchukua mkono wake nikauweka kwenye sikio langu. Sikio langu la kushoto limechanika chini. Ni mmoja wa mai-mai, wanamgambo wa kwetu, aliyevuta hereni tulipokuwa tunatoka Kabambare, hakutaka kungoja niivue. Mama ndiye aliyelifunga kwa majani porini.

Kidole chake kikasimama pale kwenye mpasuko.

"Kumbe ni weye," akasema.

"Ni mimi."

"Na yule?"

"Yule hakurudi, mama. Kordinateri ameniweka mimi juu ya jina lake."

Sikumsikia akilia. Alikaa akilishika sikio langu mpaka likauma. Halafu akauliza: "Sasa tukizika jina lile, na sura yako iko juu yake, tutakuwa tumezika nani?"

Nilimwambia nitasimama kando ya shimo, kila mtu anione. Akatikisa kichwa. Aliwaza mchana mzima. Mwishoni akasema, "Vua hiyo nguo. Itaenda na mugomba. Picha ibaki na nguo yake kule chini, weye utoke."

Tuliuzika nyuma ya nyumba, jua likiwa juu. Wakataji walihitaji kujua urefu, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumpima, walinilaza mimi. Nililala chini kando ya mgomba, wakaweka alama kichwani pangu na miguuni pangu, wakakata. Ulipofungwa kwa kitenge cha njano, kabla ya sanda, ulitoa maji, na wale ndege weusi wakalowa kuanzia katikati, mahali pa kifua. Mama alikuwa amebebwa kwenye kiti. Udongo wa kwanza uliposhuka, alilia kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Alilia mpaka akalala. Kabla ya arobaini kufika, naye alikwenda, kimya, baada ya kunywa uji.

Kordinateri hakuja kwenye msiba wowote kati ya hiyo miwili.

Aliyekuja ni mwingine. Nilikuwa sokoni na chupa zangu za mawese, mwanaume akasimama mbele yangu, kofia ya sufu kichwani. Amenenepa. Anavaa saa. Wanasema sasa ananunua dhahabu na wakubwa wanampa mkono. Alichukua chupa moja, akainua macho, akabaki hivyo.

"Mama," akasema, "ni weye iko kwenye telefone? Kwenye siti ya wale wamama?"

"Ni mimi."

"Weye ni wa wapi?"

Nikamtazama ule mkono. Nilikuwa nimeuona kila siku, pembeni ya ile picha iliyokatwa. "Wa barabara ya Salamabila," nikamwambia. "Ulinishusha kwenye pikipiki."

Chupa aliiweka chini taratibu, kama kitu cha moto. Aliondoka kinyumenyume, akagonga meza ya chumvi, watu wakamzomea. Tangu hapo hapiti upande wetu. Wameniambia anauliza kwa watu kama yule mama ni mzima, na wenye telefone wanamfungulia, wanamsomea ile leo.

Wiki iliyopita kordinateri alinifuata mpaka nyumbani. Maneno ya msiba yalikuwa yamemfikia, na wanachama wameanza kumwuliza wazi. Akasema, akitazama viatu vyake, "Mama, naona sasa niitoe ile picha. Naweza kuitoa leo leo."

Mwanzoni ningempigia magoti kwa neno hilo.

"Iache," nikamwambia.

"Lakini mulishazika."

"Sisi tumezika. Yule wa kofia bado anasomewa. Iache, na ile mashine iendelee kuandika."

Asubuhi hii nimefungua. Kitenge cha njano kiko juu kwenye picha, na kiko nyuma ya nyumba, mgomba umeshaoza na ardhi imebonyea kwa urefu wangu. Nimesoma kwa kidole mpaka chini. Leo.