Milioni Moja na Moja

Miaka yote niliyofundisha hesabu hapa Sikonge, nimewaapia wanafunzi kuwa 1,000,001 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nilithibitisha mwenyewe nikiwa darasa la sita!

Enzi hizo Mwalimu Veronika alimpa kila mtoto namba yake kubwa. Tulizigawa kwa kijiti mchangani, nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, na harufu ile tamu bado ninayo puani. Aliyemaliza alipewa sega la asali. Mimi nilipaswa kujaribu namba tasa zote hadi kufika elfu moja. Nikajaribu mbili, tatu, tano, nikajikongoja hadi tisini na saba. Nikaliona sega linadondosha asali. Nikakimbia.

"Mwalimu, nimemaliza zote, haigawanyiki!"

Akanipa. Sijawahi kula asali tamu kama ile.

Juzi Mwalimu, sasa bibi wa mkongojo, alikuja kututembelea shuleni. Baada ya shikamoo na marahaba, nikajishaua mbele ya darasa na kuiandika namba yangu ubaoni.

"Unaikumbuka, Mwalimu?"

"Naikumbuka, mwanangu. Siku ile uliishia ngapi?"

"Tisini na saba."

Akachukua chaki, akaandika namba tasa inayofuata: 101. Darasa zima likagawa. Ikaingia mara 9,901, bila kubaki hata moja.

Mwalimu akanikingia kiganja. "Haya, lete asali yangu."