Onyo langu limetokea kwenye printa ya majirani

Leo nimepewa onyo la siri, na wa kwanza kulisoma ni majirani.

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye ofisi moja hapa karibu na stesheni ya treni ya Gare du Nord. Mtandao wetu ni wa ndani tu, intaneti hauijui.

Mwaka jana niliomba mashine zetu tuzichukulie anwani za mtandao za kwetu peke yetu, maana ipo siku tutaunganishwa na wengine.

Bosi wangu, Papa Célestin, alicheka kikao kizima kikisikia.
"Zawadi, réseau yetu, mtandao hii, haitokake inje. Adresse ya pekee ni ya nini?"

Basi tukachukua zile za bure ambazo kila mtu anazo.

Leo asubuhi tumeunganishwa na ofisi ya ghorofa ya chini. Nao wana zile zile. Hata printa yao na yetu zina anwani moja.

Saa nne dada mmoja wa chini kapanda na karatasi mkononi, anauliza Zawadi ni nani.

Barua ya onyo. Kosa langu: kubishana na bosi kuhusu anwani.

Papa Célestin, aliyeituma ichapwe kwenye printa yetu, kauliza: "Bon, alors, ilifika kule namna gani?"

Nimemwambia sijibu, nitakuwa nabishana.