Miguu ya Mzee Maroa Yaipima Santuri

Saa tatu asubuhi mjini Migori, mwaka 2001, Rispa Adoyo anafunga mlango wa kibanda chake cha kutengeneza redio, anatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za soko, kisha anasogeza kipaza sauti karibu na gramafoni.

Santuri iliyo juu yake ina ufa. Ni muziki wa gwaride uliorekodiwa na bendi ya jeshi mwaka 1947, na Rispa hajui nakala nyingine popote. Mpiga ngoma wa bendi hiyo, Mzee Maroa Nyamohanga, ameileta kutoka Isebania ikiwa imefungwa ndani ya shati. Kila ikipigwa, ufa unaongezeka. Lazima iingie kwenye kaseti kabla haijapasuka.

Sindano inagusa. Ngoma inasikika, lakini inajikokota.

"Fundi, hapo unazika mtu!" mzee analalamika. "Sisi tulikuwa tunatembea!"

Kumbe santuri za zamani hazikurekodiwa zote kwa kasi moja. Gramafoni ina skrubu ya kurekebisha mwendo, ila hakuna palipoandikwa iishie wapi.

"Vua viatu, mzee, sindano isiruke. Simama kwa hii gunia, upige mguu vile mlikuwa mnapiga."

Mzee wa miaka sabini na nne anajinyoosha wima. Kushoto, kulia. Rispa anazungusha skrubu kidogo kidogo hadi ngoma na nyayo zinakutana.

"Hapo! Usiguse tena!"

Rispa, mjane wa miaka 38, alifundishwa kazi na marehemu mumewe. Redio humpa kama shilingi mia na hamsini kwa siku, na ndizo zinazosomesha watoto watatu. Santuri hazimpi kitu. "Watu wanasema nimeshikwa na wazimu," anacheka. "Lakini nimeshaokoa kumi na tisa."

Anabonyeza kitufe cha kurekodi. Mzee anakalia mikono yake isije ikapiga meza. Dakika tatu zinapita. Rispa anapoinua santuri, inavunjika vipande viwili mkononi mwake.

"Woi, mzee, nimekuvunjia!"

Maroa anavifunga vipande ndani ya shati taratibu. "Wacha ipumzike, mama. Imemaliza kazi."

Kaseti inapolia, safi kabisa, mzee analia bila kuona haya.

Wiki ijayo Rispa anakwenda Homa Bay, kwa wazee wengine wawili waliobaki wa bendi ile, wampimie santuri nyingine.

"Santuri nitapata, hata kwa dari ya mtu," anasema, akikunja gunia na kulitia mkobani. "Miguu ya kunipimia mwendo ndiyo inaisha."